Picha ya kifua jijini Kampala: fedha hulipwa, maandishi hupotea

Katika njia zinazoelekea hospitali kubwa za Kampala, kuanzia kilima cha Mulago hadi Mengo na Nsambya, ni jambo la kila siku kumwona mtu akipita na bahasha pana ya kaki kwapani. Ndani ya bahasha mna picha ya kifua. Mara nyingi hamna kingine. Karatasi ya daktari aliyeiagiza picha hiyo imebaki dirishani, maelezo ya mtaalamu aliyeisoma yametolewa kwa mdomo au hayakutolewa kabisa, na risiti, ikiwa ipo, ina neno moja tu, “eksirei”, na kando yake kiasi cha fedha.

Upungufu huo huchukuliwa kuwa jambo dogo la makarani. Kwa mgonjwa anayelipa kutoka mfukoni, hata hivyo, ndio unaoamua kama kipimo hicho atakilipia mara moja au mara tatu. Mjadala wa gharama za matibabu nchini Uganda umejikita kwa muda mrefu katika bei, na una haki ya kuwepo. Lakini bei ya picha ya kifua haiwezi hata kulinganishwa kati ya zahanati moja na nyingine ikiwa hakuna aliyeandika ni nini hasa kilichouzwa.

Bure kisheria, malipo kivitendo

Mwezi Machi 2001 serikali ya Uganda ilifuta ada za wagonjwa katika vituo vya afya vya umma, ikabakiza zile za mabawa ya kulipia ndani ya hospitali. Kwa maana ya uamuzi huo, mkazi wa Katwe au Kisenyi anayekohoa kwa wiki tatu alipaswa kupigwa picha ya kifua katika hospitali ya umma bila kutoa shilingi. Wagonjwa wa Kampala wanajua jinsi uamuzi huo unavyokatika njiani: mashine imeharibika, filamu zimekwisha, umeme haupo, mhusika ameondoka. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali na kamati za Bunge zimewahi kutaja mashine za hospitali za umma zilizokaa bila kufanya kazi. Kinachofuata ni agizo fupi: kapige nje.

Neno “nje” lina uzito wake. Mgonjwa akishavuka lango la hospitali ya umma, ametoka katika mfumo wa bure na kuingia katika soko, ambako picha ya kifua hugharimu makumi ya maelfu ya shilingi. Faili lake linabaki nyuma. Kituo cha kupiga picha kinapokea mtu asiye na historia, na hospitali iliyomtuma inapokea baadaye picha isiyo na maelezo. Kati ya vituo hivyo viwili, mjumbe pekee ni mgonjwa mwenyewe, aliyepanda bodaboda na bahasha yake.

Hesabu za taifa za matumizi ya afya katika muongo wa 2010 zilionyesha kuwa karibu shilingi nne katika kila kumi zilizotumika kwa matibabu nchini zilitoka moja kwa moja katika mifuko ya familia. Uchunguzi wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2016 ulikuta kwamba watu wazima wenye bima ya afya ya aina yoyote hawakuzidi wawili katika kila mia. Kwa hiyo, tunapozungumzia ankara ya eksirei Kampala, tunazungumzia zaidi fedha taslimu zinazotolewa dirishani, mara nyingi za kukopa, kuliko hati zinazotumwa kwa kampuni ya bima. Na fedha taslimu zina tabia ya kutoacha maandishi.

Wakati wa wimbi kali la COVID-19 la mwaka 2021, suala la ankara za hospitali binafsi lilifika mahakamani baada ya familia kudaiwa mamilioni ya shilingi kwa matibabu ya jamaa zao. Mwezi Julai mwaka huo Mahakama Kuu iliagiza Waziri wa Afya na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno wachukue hatua ya kuweka kanuni za ada zinazofaa kwa wagonjwa wa ugonjwa huo. Kesi hiyo iliweka wazi jambo ambalo watu wengi walikuwa wakilidhania tu, kwamba hospitali binafsi zilikuwa zikijipangia ada bila kikomo kilichowekwa na mtu mwingine. Picha ya kifua, ambayo wagonjwa wa COVID-19 walipigwa tena na tena, ilikuwa mstari mmoja tu ndani ya ankara ndefu.

Ndani ya neno “eksirei”

Kinachoitwa eksirei ni kazi mbili zilizofungwa pamoja. Ya kwanza ni kupiga: mashine, umeme, filamu au kompyuta, na mpiga picha aliyemsimamisha mgonjwa, akamwambia avute pumzi aizuie. Ya pili ni kusoma: daktari, kwa kawaida bingwa wa radiolojia, anaikagua picha, anaandika alichokiona na anatia saini. Kazi hizo huweza kufanywa na watu wawili walio katika majengo mawili, siku mbili tofauti, na kila moja ina gharama yake. Katika baadhi ya vituo bei inayotajwa dirishani ni ya kupiga peke yake. Anayetaka maandishi anaongeza. Katika vingine bei ni ya zote mbili, lakini maandishi hayafiki kwa sababu mgonjwa hakuyaulizia au hakuweza kuyasubiri.

Hata kupiga kwenyewe kuna tofauti. Picha moja ya mkao wa kusimama, miale ikipita kutoka mgongoni kwenda kifuani, si sawa na picha mbili, ya pili ikiwa ya ubavu. Marekani, ambako kila huduma ya tabibu hupewa nambari kabla ya kulipwa, tofauti hiyo haiachwi hewani: tangu Januari 2018 picha ya kifua ya mkao mmoja hudaiwa kwa nambari 71045, na ya mikao miwili kwa nambari 71046. Isitoshe, bima ya umma ya nchi hiyo inayowahudumia wazee hailipi ada ya kusoma picha pasipo ripoti iliyoandikwa na kutiwa saini. Mfumo wa Marekani una maradhi yake, na hakuna sababu ya Kampala kuyaagiza pamoja na nambari zake. Lakini kanuni hiyo moja, kwamba kusoma kusikoandikwa hakulipwi, ingefaa hata kwenye zahanati ya vyumba viwili huko Kabalagala.

Swali la nini kilichouzwa huanza mapema zaidi, kwenye karatasi ya kuagiza picha. Daktari mwenye foleni ndefu huandika “picha ya kifua” na kupiga muhuri. Anayesoma picha hiyo baadaye hajui kama mgonjwa ana homa za jioni na amepungua uzito, au alianguka kwenye ngazi, au anatafuta kazi tu. Kivuli kilekile juu ya pafu la kulia kina maana moja kwa mtu anayekohoa wiki tatu, na nyingine kwa mtu aliyemaliza dawa za kifua kikuu miaka kumi iliyopita. Asipoambiwa, msomaji hujikinga kwa maneno mapana: inaweza kuwa hiki, inaweza kuwa kile, linganisha na hali ya mgonjwa. Mgonjwa amelipia jibu, akapewa swali lake mwenyewe.

Kifua kikuu na picha ya zamani

Mahali ambapo uzembe huu wa maandishi huumiza zaidi ni katika kifua kikuu. Uganda imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani, WHO, ya mataifa 30 yenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu kinachoambatana na virusi vya Ukimwi. Utafiti wa kitaifa uliofanywa mwaka 2014 na 2015, ambao ulitumia mahojiano ya dalili pamoja na picha za kifua kuchagua watu wa kutoa makohozi, ulikadiria wagonjwa 253 katika kila watu 100,000. Tafiti za namna hiyo katika mataifa mbalimbali ya Afrika na Asia zimeonyesha pia kwamba takriban nusu ya waliokutwa na bakteria hawakuwa wametaja kikohozi cha muda mrefu. Bila picha wasingeonekana.

Hapo ndipo penye mkanganyiko wa malipo. Kipimo cha makohozi cha GeneXpert na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma. Picha ya kifua, ambayo kwa wagonjwa wengi ndiyo hatua ya kumfikisha mtu kwenye kipimo hicho cha bure, yeye huilipia pale mashine ya umma inaposhindwa. Na picha peke yake haithibitishi kifua kikuu; inaonyesha pa kutazama. Kama ripoti haikuandikwa, au iliandikwa na kubaki kwenye kompyuta ya kituo cha binafsi, kliniki ya kifua kikuu itampokea mtu na bahasha, na ama itamrudisha akapige nyingine ama itaamua kwa macho ya aliyekuwepo zamu siku hiyo.

Mwaka 2021 WHO ilipendekeza kwamba programu za kompyuta zinaweza kutumika kusoma picha za kifua wakati wa kuchunguza kifua kikuu kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Kwa nchi yenye mabingwa wachache wa radiolojia, wengi wao wakiwa mjini, ni habari njema. Ila programu hizo hutoa alama, yaani tarakimu inayoonyesha uwezekano wa kifua kikuu. Tarakimu hiyo haisemi lolote kuhusu moyo uliopanuka, mbavu iliyovunjika au maji yaliyojaa pembeni mwa pafu kwa sababu nyingine. Mgonjwa akipewa karatasi yenye alama hiyo na kuambiwa kuwa ndiyo ripoti, ameuziwa sehemu ya kazi kwa jina la kazi nzima.

Halafu kuna picha ya zamani, ambayo watu huitupa au huifanya pazia la dirisha. Kifua kikuu kilichopona huacha makovu, na kovu huweza kufanana na ugonjwa mpya. Daktari mwenye picha ya miaka mitatu iliyopita mkononi, yenye tarehe na jina, ataona kwamba kivuli hakijabadilika. Asiyekuwa nayo huanza upya. Wako watu waliorudishiwa matibabu ya miezi 6 kwa sababu ya kovu, na hakuna risiti inayoweza kuonyesha gharama halisi ya jambo hilo.

Umakini unapohitajika kwa viza

Inafaa kuwakumbusha wanaosema kwamba uwekaji kumbukumbu wa namna hiyo hauwezekani katika mazingira yetu kuwa tayari unafanyika, ndani ya Kampala, kila siku ya kazi. Uingereza inawataka wakazi wa Uganda wanaoomba viza ya zaidi ya miezi 6 wapimwe kifua kikuu kwanza, na walio na umri wa miaka 11 au zaidi hupigwa picha ya kifua. Cheti chake hudumu miezi 6. Marekani inataka picha hiyo kwa wahamiaji na wakimbizi wa miaka 15 na kuendelea. Vijana wanaokwenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba nao hupigwa picha ya kifua katika vituo vilivyosajiliwa kwenye mfumo wa Wafid, uliojulikana zamani kama GAMCA.

Katika vipimo hivyo, pasipoti au kitambulisho hukaguliwa kabla mtu hajasimama mbele ya mashine. Fomu ina sehemu za kujazwa na msomaji, ambaye jina lake linajulikana. Matokeo yanatunzwa. Anayeonekana kuwa na dalili kwenye picha hutoa makohozi yanayooteshwa maabara kwa takriban wiki nane kabla safari haijaruhusiwa. Kwa mkimbizi Mkongomani anayesubiri kupelekwa nchi ya tatu, picha na hati za zamani haziondoi kipimo hicho, lakini humsaidia daktari kuelewa anachokitazama.

Ukitazama kwa makini utaona kwamba tofauti haiko kwenye mashine wala kwenye elimu ya wapiga picha, ambao wengi wamesoma vyuo vilevile. Kwa viza, yupo mtu mwenye nguvu upande wa pili anayekataa karatasi isiyokamilika. Mgonjwa wa kawaida wa Kampala hana mtu wa namna hiyo.

Kampuni za bima hufanya kazi hiyo kwa kiasi, kwa wale wachache walio nazo, ingawa kwa faida yao wenyewe. Dai la picha ya kifua hukataliwa pale ugonjwa ulioandikwa haulingani na kipimo, pale saini ya daktari inapokosekana, au pale kibali cha awali hakikuombwa. Hospitali ikinyimwa malipo, humgeukia mwenye kadi. Ndiyo maana tabia ya kumpa mgonjwa hati ya madai aitie saini ikiwa tupu, ijazwe baadaye, haina budi kukataliwa kwa adabu lakini bila kuyumba. Saini hiyo inakubali huduma ambazo mwenye saini hajaziona.

Karatasi isiyosemeka

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili kuna ugumu wa ziada, na hauzungumzwi vya kutosha. Uganda ni mwenyeji wa wakimbizi zaidi ya milioni moja na nusu, kundi la pili kwa ukubwa likitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na maelfu yao wanaishi Kampala, si kambini. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 na sera ya nchi huwaruhusu kutumia vituo vya umma kama raia. Pamoja nao wapo Wanubi, familia za askari, na wafanyabiashara wenye asili ya pwani. Katika vituo vya Kampala Kiganda huzungumzwa na Kiingereza huandikwa. Kiswahili, ambacho tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili, na ambacho Baraza la Mawaziri lilikipa msukumo mpya mwezi Julai 2022, hakijafika kwenye dirisha la eksirei.

Matokeo yake huanzia kwenye jina. Khadija huandikwa Hadija kituo kimoja, Hadijah kingine, na Kadija cha tatu. Mkongomani mwenye majina matatu hukuta jina la ukoo limewekwa mwisho na la ubatizo mwanzo, kinyume na lilivyo kwenye kitambulisho chake cha ukimbizi kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Kompyuta haijui kuwa ni mtu mmoja. Picha yake ya mwaka juzi ipo, lakini ni ya mtu mwingine. Dawa ya hilo ni rahisi kuliko inavyodhaniwa: kitambulisho kilekile kila mara, na kuomba kuona jina kwenye skrini kabla ya kupigwa, maana baada ya picha kutoka marekebisho huchukua siku.

Ripoti yenyewe ni ya Kiingereza cha kitaalamu ambacho hata mwenye shahada hukwama. Hakuna anayetarajia bingwa wa radiolojia aandike kwa lugha tatu. Lakini tabibu aliyeagiza picha anaweza kueleza mambo mawili kwa maneno ya kawaida, nini kimeonekana na hatua gani inafuata, na mgonjwa au mtoto wake anaweza kuyaandika nyuma ya bahasha kwa Kiswahili, pamoja na tarehe. Mkalimani akiwa jirani aliyeokotwa kwenye benchi, mgonjwa ana haki ya kumkataa. Habari za kifua chake si za mtaa mzima. Hilo linahusu pia mtindo wa kupiga picha ya filamu kwa simu na kuituma WhatsApp kwa daktari rafiki. Unasaidia sana usiku wa manane, ila jibu lake halimo kwenye faili lolote.

Mkataba wa Wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2009 unatambua haki ya mgonjwa kupata taarifa za matibabu yake. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2005 inafungua kumbukumbu za taasisi za serikali, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kuziomba taarifa zake binafsi hata kwa taasisi ya binafsi. Kwa hiyo anayeomba nakala ya ripoti yake haombi fadhila. Anachoweza kudai dirishani, kabla hajatoa fedha, ni kuelezwa bei ni ya picha ngapi, kama kusoma kumo ndani yake, na ripoti itatoka siku gani. Kisha mambo hayo matatu yaandikwe kwenye risiti. Kituo kinachokataa kuandika mistari mitatu kimejieleza vya kutosha, na mjini hapa vituo vingine havikosekani.

Kwa upande wa serikali, nafasi moja ilikwisha kupita. Muswada wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulipitishwa na Bunge mwezi Machi 2021, lakini haukupata saini ya Rais na haukuwa sheria. Mjadala wake ulihusu zaidi nani achangie kiasi gani. Jedwali la huduma, yaani maelezo ya kila kipimo kinacholipiwa na maandishi yanayopaswa kuambatana nacho, halikupata wazungumzaji wengi. Muswada wa namna hiyo ukirudi Bungeni, hapo ndipo wabunge wa Kampala wangepaswa kukaa muda mrefu zaidi, maana mfuko wa umma unaolipia neno “eksirei” bila ripoti utafilisika kwa picha zinazorudiwa.

Kabla ya siku hiyo, milango iliyopo ndiyo hii. Mwenye bima anayeona kadi yake imetozwa huduma asiyoipata huanza na kampuni yake, kisha Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, iliyo chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2017. Malalamiko dhidi ya daktari hupelekwa kwa Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno. Mashine yenye shaka, au chumba ambacho mlango wake hubaki wazi wakati wa kupiga, ni suala la Baraza la Nishati ya Atomiki, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2008. Mlango wowote utakaobishwa, karani wa upande wa pili ataomba kwanza risiti, jina lililoandikwa juu yake na tarehe.